Mpenzi wa Jumatatu Mpaka Ijumaa

“Huyo mtu ameumwa na nyuki ama?” Senge Navalayo aliuliza, mkono wake ukiwa bado ndani ya karai ya likhubi, mboga ya kunde.

Simu ya Ayuma ilikuwa inatetemeka juu ya meza. Ilitetemeka mpaka ikaanza kutembea yenyewe, ikapita kikombe cha chai, ikaelekea ukingoni. Ayuma aliidaka kabla haijajirusha.

*Nakupenda babe.*

*Nakupenda babe.*

*Nimekuwaza tu sahii.*

*Umekula?*

*Nakupenda babe.*

“Zimefika ngapi?”

“Nimeacha kuhesabu, Senge.”

“Na hajakunywa kitu?”

“Shitanda hanywangi.”

“Basi afadhali angekunywa, tungejua shida iko wapi.”

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu na kitu, hapo Shinyalu. Shitanda ni kijana wa Lugari aliyepanga chumba Amalemba, mjini Kakamega. Alikuwa amempenda Ayuma mwaka mzima, au hivyo ndivyo simu ilivyosema. Jumamosi ya wiki iliyofuata mjomba wake alikuwa amlete kujitambulisha. Wangepokelewa na Senge Navalayo, kwa sababu yeye ndiye shangazi aliyemlea Ayuma, na hakuna mtu angeolewa kutoka kwa hiyo boma bila yeye kusema ndio.

Senge alijipangusa mikono kwa leso.

“Leta hiyo simu. Nionyeshe za Jumapili.”

Ayuma alipandisha kidole, akashusha. “Jumapili hakuna.”

“Za Jumamosi?”

“Pia hakuna. Labda nimwandikie mimi kwanza, ndio anajibu.”

“Krismasi je?”

“Krismasi nilimtumia mimi. Akanijibu, ‘Asante, nawe pia.’”

“Nawe pia!” Senge aliketi chini taratibu kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. “Mayi! Mtoto wangu, mwanaume wa kupendanga Jumatatu mpaka Ijumaa ako na bibi. Wikendi anaendanga kwake.”

“Senge!”

“Unataka nikubembeleze? Na Lugari ni hapo tu. Anatoka Ijumaa jioni, anapalilia mahindi yake, analala na bibi yake, Jumatatu anarudi kukupenda. Utaniletea jibu kabla ya Jumamosi. Ukikosa, huyo mjomba wake atapiga hodi hapa mpaka sauti ikauke.”

Ayuma alitoka nje, akasimama nyuma ya jikoni, akapiga simu.

“Shitanda, mbona unanitumia meseji kama mvua?”

“Aii. Zimefika nyingi?”

“Unaniuliza mimi? Si ni wewe umetuma?”

“Eh, ni mimi. Mapenzi, babe. Ilinishika tu.”

“Na sasa imekuachilia?”

“Soko imetulia... namaanisha moyo. Moyo imetulia.”

“Shitanda, uko na bibi Lugari?”

“Bibi? Mimi? Babe, mimi hata kuku sina!”

Ayuma akakata simu. Kama angekuwa anadanganya, Ayuma aliwaza, si angedanganya vizuri kuliko hivyo?

Wawili hawa walikutanishwa na dhahabu. Si ya kuvaa, ile ya kwenye simu, bei inapanda na kushuka, unanunua hapa unauza pale. Ayuma aliuza kava za simu na chaja kwa duka dogo karibu na soko, na wateja wakipungua alikuwa anafungua chati. Shitanda yeye alikuwa anashinda kwa kompyuta. Wote walikuwa wanaandika roboti, yaani programu za kuwasaidia kufanya hiyo biashara, na hapo ndipo walikuwa wanakosana kila wiki.

Ayuma alitumia lugha nyepesi ya kompyuta. Unaiandikia mistari michache, “bei ikipita hapa, niambie,” na inakuambia. Haiwezi mengine mengi. Ya Shitanda ilikuwa lugha nzito, ya mabano na alama za kutisha, ukisahau nukta moja inakataa kabisa kuamka. Lakini ikiamka, inafungua biashara, inafunga, inasoma habari, inatoka nje kwa mtandao kugonga milango ya watu.

“Hiyo yako ni ya nursery,” Shitanda alikuwa anamwambianga. “Ni kama kuendesha baiskeli ile ya magurudumu matatu.”

“Na hiyo yako ni trela. Unaenda nayo kununua maziwa.”

“Siku moja utaona kitu trela inaweza kubeba.”

Jumamosi ikaja. Kimya. Jumapili, kimya. Ayuma aliimba kanisani huku akiona mahindi ya Lugari, na mwanamke mmoja mnene mwenye furaha akimpakulia Shitanda obusuma, ugali wa mahindi hayo hayo. Jumatatu, kabla jogoo hajafungua mdomo, simu ikatetemeka.

*Nimekuwaza tu sahii.*

“Umetoka kwake sasa hivi,” Ayuma aliiambia simu. “Hata viatu hujafungua.”

Akaenda dukani na hasira yake. Wateja hawakuwa wengi. Akafungua chati ya dhahabu ajitulize, akarudi nyuma mpaka Ijumaa, na hapo macho yakasimama. Saa tisa na nusu Ijumaa, habari za ajira za Amerika zilipotoka, dhahabu ilikuwa imeruka juu, ikaanguka, ikaruka tena kama mtu aliyekanyaga siafu.

Saa tisa na nusu.

Ayuma alichukua lugha yake ya nursery. Akaandika mistari ambayo mtu anaweza kuisoma akisubiri chai ichemke: saa hizi na hizi, weka alama ya kopa kwenye chati. Akaingiza saa za meseji zote za mwezi huo, moja moja, mteja mmoja akiuliza bei ya earphone akaambiwa arudi baadaye. Kisha akabonyeza.

Makopa mekundu yakajipanga kwenye chati. Hakuna hata moja lililokaa mahali palipotulia. Kila dhahabu iliposhtuka, hapo kulikuwa na kopa. Ijumaa yalikuwa yamepandana kama nyanya za sokoni. Jumamosi na Jumapili, soko likiwa limefungwa, hakukuwa na kitu. Krismasi pia soko lilikuwa limefungwa.

Hakukuwa na bibi Lugari. Kulikuwa na kitu kibaya zaidi.

Alifunga duka, akachukua boda mpaka Amalemba. Shitanda alifungua mlango akiwa na soksi moja.

“Babe! Hukusema unakuja.”

“Sikuwa nimeambiwa na dhahabu.”

Uso wa Shitanda uliisha rangi. Ayuma akamsukumia simu, makopa na yote.

“Ni nani ananipenda, Shitanda? Wewe ama roboti?”

“Ni mimi! Roboti inatuma tu. Maneno niliandika mimi, na hii mikono.”

“Uliandika lini?”

“...Mwaka jana. Mwezi wa tatu.”

“Kwa hivyo umenipenda mara moja, Machi, halafu ukaacha mashine iendelee?”

“Si hivyo. Unajua mimi nikikaa kwa hii kompyuta nasahau hata kukula. Nikaona nitakusahau. Sasa roboti inaamka kila bei ikitikisika, nikasema, si ikiamka ikusalimie? Lugha yenyewe inaweza! Ijumaa tu ndio nilisahau kuiwekea breki.”

“Nionyeshe.”

“Nini?”

“Mahali niko. Si uliniandika? Nionyeshe.”

Shitanda aliketi, akafungua roboti. Mistari ilianza kupita kwa skrini kama gari moshi lisilo na mkia. Akashusha, akashusha. Akapandisha. Akajikuna.

“Hukumbuki uliniweka wapi?”

“Ngoja. Ni kubwa, hii kitu. Hapa ni mambo ya kununua... hapa ni... Eh! Nimekupata. Uko hapa chini ya stop loss.”

Ayuma alijua stop loss. Ni ile sehemu ya kufunga biashara kabla hasara haijakumaliza.

“Uliniweka kwa hasara?”

“Ni nafasi tu ilikuwa hapo!”

Ayuma aliinama, akasoma. Lugha ilikuwa nzito, lakini jina lake alilijua. Na chini ya jina lake kulikuwa na mstari mwingine, na chini yake maneno ambayo pia aliyajua.

“Hii inasema nini, Shitanda? Biashara ikipoteza, tuma, ‘Niombee babe, leo ni ngumu.’”

Shitanda aliangalia soksi yake.

“Nilifunga!” sauti ya Ayuma ilipanda mpaka jirani akapunguza redio. “Nilifunga kula siku nzima! Nikaambia watu wa fellowship tukuombee, Mama Pasta akalia! Kumbe tulikuwa tunaombea mashine?”

“Ilisaidia, lakini. Kesho yake ilipata...”

“Usimalize hiyo sentensi.” Alikuwa ameshafika mlangoni. “Jumamosi usikuje. Mwambie mjomba wako abaki na mahindi yake.”

Jioni hiyo simu yake haikutetemeka hata mara moja, ingawa dhahabu iliruka vizuri tu.

“Hiyo siku sitaifuta,” Senge alisema, baada ya kuelezewa mara mbili roboti ni kitu gani. “Nimeshafunga ingokho mbili kamba, kuku wa wageni. Mtu akuje, aaibike mbele yangu, ndio nijue nimemfukuza nani. Na mzee wa watu huwezi kumwambia arudi kwa simu. Utajibu wewe mwenyewe.”

Ayuma alijua maana yake. Wageni wa namna hiyo wakija, msichana anaitwa, anaulizwa mbele ya wote kama anawajua. Akisema anawajua, mazungumzo yanaanza. Akisema hawajui, watu wanavaa kofia zao wanaenda.

Jumamosi wakafika. Mjomba alikuwa amevaa koti zito na jua lote hilo. Shitanda alikuwa amepiga pasi shati mpaka linang'aa, na alikuwa amekaa kwa ukingo wa kiti kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

“Mulembe, mukhwasi,” mjomba alianza, akimsalimu Senge kama mkwe tayari. Kijana anayetambulishwa haongei siku hiyo, wazee ndio wanamwongelea. “Tumeona ua zuri kwa boma hii. Kijana wetu hapa halali. Hali. Kila dakika ni Ayuma, Ayuma...”

“Kila dakika?” Senge aliuliza. “Ama kila bei ikitikisika?”

Mjomba alimwangalia Shitanda. Shitanda aliangalia dari.

“Ayuma!” Senge aliita. “Kuja. Unawajua hawa wageni?”

Ayuma alitoka jikoni, akasimama na mikono mbele. Alikuwa amelijenga jibu lake tangu Jumatatu, akalilainisha kila usiku, na sasa lilikuwa hapo kwa ulimi.

“Huyu mzee namjua, ni mjomba. Huyu kijana simjui. Mimi namjua roboti yake.”

“Nani yake?” mjomba alishtuka. “Shitanda, uko na mtoto?”

“Mukhwasi, keti,” Senge alisema. “Leo hutamwongelea. Ameshaongelewa vya kutosha mwaka mzima. Kijana, simama. Ongea na mdomo wako.”

“Lakini mila...” mjomba alijaribu.

“Mila ni yangu, boma ni yangu. Simama!”

Shitanda alisimama. Akanyoosha shati. Nyuma ya nyumba ingokho moja iliyobaki na kamba ililia.

“Mimi... niliitoa,” alisema mwishowe. “Ile sehemu. Nilifuta.”

“Nani ameuliza roboti?” Senge alimkatiza. “Mtoto wetu ndio huyu. Mwangalie yeye.”

Akamwangalia.

“Ayuma, wikendi... soko likifungwa, mimi sina kazi. Nakaaga tu kwa kitanda, simu iko hapa kifuani. Nangoja wewe uandike. Kwa sababu ikitoka kwako najua imetoka kwako, si kama yangu. Ukiandika ‘umeamka?’ mimi nimeamka kitambo. Nakaa saa nzima nikifikiria jibu. Naandika, nafuta, naandika, nafuta. Halafu natuma ‘Yes babe.’”

“Saa nzima?” Ayuma aliuliza. “Ndio ukapata ‘Yes babe’?”

“Ingine ilikuwa refu. Nikaogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Itakuwa mbaya kuliko ya roboti.”

“Shitanda, ya roboti ilikuwa mbaya.”

“Hata ile ya ‘Nimekuwaza tu sahii’?”

“Hiyo ndio mbaya kabisa.”

Senge aliziba mdomo na leso, mabega yakimtetemeka. Ayuma alitaka kushikilia hasira yake, lakini ilikuwa inamponyoka kama samaki wa tope. Mwanaume mwenye lugha ya kufanya kila kitu duniani, na alikuwa ameshindwa na maneno mawili ya asubuhi.

“Hiyo refu ilisema nini?” aliuliza.

“Ilisema... nimeamka. Ilisema kuna mwanga unaingia kwa hiyo dirisha yangu mbovu, unaanguka kwa kiti ulikalianga, na mimi siketiangi hapo, ndio kisizoee kukusahau. Inakaa vibaya. Nilijua inakaa vibaya.”

Mjomba alivua kofia.

“Ayuma,” Senge alisema, sauti imeshuka. “Nimeuliza swali. Unawajua hawa wageni?”

Ayuma alimtazama kijana aliyesimama na jasho kwa shati lililopigwa pasi.

“Mzee namjua,” alisema. “Na huyu nimemjua sasa hivi.”

“Basi leta maji wanawe.”

Shitanda alikaa kwa kiti chote, mpaka nyuma. Chakula kilipopakuliwa na vicheko vikarudi, mjomba alivuta kiti chake karibu, akamnong'oneza kijana kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni:

“Hiyo roboti yako. Unasema inawezanga kuongea kwa niaba ya mtu?”

“Ndio, mjomba.”

“Hata mambo ya ng'ombe wa mahari?”

“Nimekusikia, mukhwasi!” Senge Navalayo aliita, akiwa na mwiko mkononi. “Ya ng'ombe utaongea wewe mwenyewe. Na utaanza leo.”