Shoga Yangu Alinifanya Mteja wa Kwanza wa Duka Letu

"Thekla, njoo mbele. Wewe ndiye utakayenunua wa kwanza."

Hapo ndipo damu iliponiganda, wapendwa.

Padri Seraphim alikuwa bado ameshika kitawi cha mrehani, kinadondosha maji ya baraka sakafuni. Watu wamejaa dukani, wengine wamebanana hadi nje kwenye kibaraza na vyungu vya maua mikononi. Na Argyro, shoga yangu wa tangu enzi, kasimama nyuma ya kaunta ananitazama mimi tu.

Kwetu Karditsa, huku Ugiriki, duka jipya likishabarikiwa, mtu wa kununua wa kwanza huchaguliwa. Anatafutwa mwenye mkono mzuri na moyo usio na kinyongo, kwa sababu yeye ndiye anayeifungulia biashara njia. Awe jirani, awe mjomba, awe kinyozi wa ng'ambo ya barabara, sawa tu.

Ila hawezi kuwa mwenye duka.

Na duka lile lilikuwa letu. Langu na la Argyro.

"Wee mtoto, huyo si mwenzio?" Bi Evanthia akadakia. Huyo ni shangazi yake Argyro, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye hajawahi kujifunza kunong'ona. "Tangu lini mwenye duka akajinunulia pai yake mwenyewe?"

"Leo nimeamua hivyo, shangazi."

Sauti tulivu kabisa.

Watu wakacheka. Wakadhani ni utani wa mashoga wawili.

Mimi sikucheka. Nilijua... ameshajua.

Ameshajua nini? Kwamba kesho yake, Jumatatu asubuhi, nilikuwa naanza kazi. Kazi ya kuajiriwa, jikoni, kwenye kliniki moja ya binafsi hapa mjini. Mkataba nilishasaini. Na yeye nilikuwa sijamwambia hata nusu neno.

Msinirushie mawe kwanza. Ngoja niwape stori yenyewe.

Mimi na Argyro tulikuwa kiwanda kimoja cha kushona. Yeye msimamizi wa mstari wetu, mimi kwenye cherehani. Kiwanda kilipofungwa tukawa watu wa kukaa jikoni kwake, tunakunywa kahawa na kuyasema maisha vibaya. Siku za kukaa bure hivyo ndipo alipoanza kupika pai za bibi yake, za jibini na mboga za porini. Majirani wakaonja. Wakarudi na sahani.

"Shoga, kwa nini tuzungushe bahasha kwenye ofisi za watu?" akaniambia siku moja. "Tufungue chetu. Mimi nasukuma, wewe unajaza na kusimamia oveni."

Nikasema ndiyo. Kwa mdomo wangu huu.

Na hapo lazima muelewe kitu. Pai hizi ni kazi ya mikono minne. Unga unasukumwa kwa mti mrefu mpaka unaona kiganja chako upande wa pili, na ukishafika hapo hausubiri. Mmoja akisukuma, mwingine awe anajaza na kukunja papo hapo. Ukiwa peke yako, unakwenda kuangalia oveni, unarudi, unga umekauka na kupasuka. Argyro bila mtu wa pili hana duka. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa mama yangu.

"Thekla, hebu niambie, pai zina bima ya afya?"

"Mama, tutaanza kidogo kidogo..."

"Mtoto akibanwa kifua, utampeleka hospitali na sinia la pai?"

Mwanangu Myrto ana pumu. Mume wangu Stathis anapata kazi msimu wa pamba tu, pamba ikiisha na yeye yuko nyumbani. Maneno ya mama yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikaanza kuomba kazi kimyakimya, huku najidanganya kwamba hata sitapata, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua shoga yangu.

Nikapata.

Niliposhika ule mkataba nilifurahi, nisiwafiche. Nilifurahi, halafu nikajichukia.

Mbona sikusema? Eti kwetu neno la mkosi halisemwi ndani ya duka ambalo halijabarikiwa. Hata kupiga mluzi mle ndani mtu atakukemea. Nikajificha hapo. Nikajiambia, acha padri apite kwanza, ukitoa habari hii sasa utamtia nuksi mwenzio. Nikajiona nina huruma kweli.

Kumbe nilikuwa mwoga tu.

Kila asubuhi nikawa naenda pale tunapaka rangi. Nilipaka ukuta wa duka ambalo nilikuwa nimeshaliacha, na jioni napewa kahawa na pole ya kazi. Kahawa ile ilinishinda kumeza. Argyro akiniuliza nina nini, nasema mgongo.

Basi, turudi pale mbele ya padri na watu wote.

Nikasogea kaunta.

"Naomba pai ya jibini," nikasema.

"Ya kula hapa, au nikufungie?"

"Nifungie."

Akaifunga taratibu kwenye karatasi, akapokea noti yangu, akanirudishia chenji kama kwa mgeni yeyote.

"Asante kwa kutuunga mkono, bibie."

Bibie! Mimi, ambaye tangu tufahamiane huniita shoga au Thekla tu.

Watu wakapiga makofi. Padri akasema Mungu alifungue duka hili kwa heri. Glasi za tsipuro, pombe yetu kali ya zabibu, zikaanza kuzunguka, vicheko, picha. Nikasimama kwenye kona nimeshika pai ya moto inaniunguza vidole, na sikuwa na ujasiri wa kuiweka chini.

Wageni walipokwisha kutoka, tukabaki wawili. Nikaanza kukusanya glasi. Akanizuia mkono.

"Acha. Wateja hawaoshi vyombo."

"Argyro..."

"Unaanza lini?"

"Kesho."

Akavuta kiti akakaa.

"Nani kakwambia?" nikauliza. Jamani, angalieni swali la kwanza lililonitoka. Badala ya samahani, namtafuta mchawi aliyenichoma.

"Wewe uliwapa namba ya bosi wetu wa kiwandani, si ndiyo? Waulize habari zako kwake. Bosi kawaambia, mimi hata sikumbuki sura za mafundi, mpigieni Argyro, ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Wakanipigia."

"Lini?"

"Tulikuwa tunapaka ule ukuta. Wewe ulikuwa juu ya ngazi."

Nikaikumbuka simu ile. Alitoka nje, akarudi, akachukua brashi akaendelea. Aliniuliza tu kama nimeshakula.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

"Nikwambie mimi?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikupikia kahawa kila siku, Thekla. Nikakaa mbele yako. Nikakuuliza una nini. Ulitaka nikufumbue mdomo kwa kijiko?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia kuhusu Myrto, kuhusu mama, kuhusu bima, kuhusu ule mkosi wa kusema kabla ya padri. Hapo kwenye mkosi akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Kwa hiyo ulikuwa unanilinda."

Nikajifuta machozi kwa kiganja.

"Sikiliza," akasema. "Ungenijia ukasema, shoga, mtoto anaumwa, nimepata kazi yenye bima, nakwenda... ningekufungia pai za njiani. Haki ya Mungu nisingekununia hata siku moja. Mtu kutafuta mshahara si dhambi."

"Nisamehe. Nawapigia sasa hivi, nawaambia siendi. Nabaki hapa."

"Ubaki kwa aibu? Leo utabaki kwa aibu, mwezi ujao utaondoka kwa hasira. Nenda."

"Na wewe utafanyaje peke yako?"

Hapo ndipo sura yake ilipobadilika, wapendwa. Mpaka hapo alikuwa amejikaza.

"Despina alikuja kuniomba. Mtoto wa dada yangu. Alitaka tufanye wote hili duka. Nikamwambia hapana mwanangu, nafasi imejaa, nina Thekla. Akaenda zake Athene kwenye hoteli." Akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Alikuja baada ya wewe kuomba kazi yako. Walionipigia walinitajia siku uliyopeleka maombi, nikapiga hesabu."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Mwenzangu amefukuza damu yake kwa ajili ya nafasi yangu, na nafasi yenyewe mimi nilishaitema!

Nikanyanyuka kuondoka, sioni mbele. Nikafika mlangoni, nikakumbuka kitu kilichokuwa kinanikera tangu aliposema habari za simu. Kama walimpigia yeye na alikuwa anajua kila kitu, basi angeweza kuniharibia kwa neno moja. Aseme huyu mvivu, huyu mchelewaji, ningebaki palepale dukani, mikono minne kamili, na nisingejua maisha yangu yote.

"Uliwaambia nini kuhusu mimi?"

Hakugeuka.

"Waliniuliza kama wewe ni mtu wa kuaminika. Kama hutawaacha njia panda."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hajawahi kumwacha mtu."

Sijui nilifikaje nyumbani. Stathis alifungua ile pai akaila na mtoto, wakaisifu. Mimi nililala kwenye kochi nimegeukia ukuta.

Jumatatu nikaenda kazini. Ndiyo, nilienda. Najua wengine mnataka kusikia kwamba niliacha kazi nikarudi kwa magoti. Sikurudi. Myrto ana kadi ya bima, dawa zake anapata bila mimi kuomba mtu, na kazi yenyewe si mbaya. Nikikoroga supu pale jikoni watu wananisifu eti nimeletwa na sifa nzuri. Kila wanaposema hivyo nahisi kama nimevaa nguo ya mtu.

Jumamosi nikashindwa kujizuia. Nikaenda dukani, nikazunguka nyuma kwenye mlango wa jikoni kama nilivyozoea, nikasukuma.

Argyro alikuwa anasukuma unga, jasho linamtiririka. Pembeni yake Bi Evanthia, miguu imevimba, kakalia kigoda, anajaza jibini kwa vile vidole vyake vinavyotetemeka. Sinia zima la pai zilizopasuka lilikuwa juu ya jokofu. Ndilo nililolitazama kwanza.

"Naweza kuwasaidia leo," nikasema. "Sihitaji kitu. Niacheni nisaidie tu."

Bi Evanthia akaacha kujaza. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

Argyro hakusimamisha mti wake, maana unga haungoji.

"Tunauza kwa mbele, bibie," akasema. "Kuna foleni, lakini inakwenda."

Nikazunguka mbele. Nikapanga foleni.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, kila siku mnaulizana kwenye haya makundi yetu, niajiriwe au nifungue biashara? Mimi sina jibu, na anayewaambia kuna jibu moja anawauzia kitu. Mwenye mtoto mgonjwa na mwenye unga mkononi hawawezi kushauriwa sawa. Chagua unachochagua, na usijichukie kwa hilo.

Lakini kama umeshachagua, na kuna mtu mahali anakuhesabu, mpigie leo. Usikutishe mkosi, asikutishe padri, usingoje siku nzuri. Mpigie kabla hajamwambia mwingine kwamba nafasi yako imejaa.