Kimstari Kabla ya Herufi

Kitu cha kwanza binti alichokiona ni mgongo wa shati la kijana. Mbele limenyooka kama la bwana harusi, nyuma limejikunja kama karatasi iliyotupwa. Binti ni mpiga pasi. Macho yake hufika huko kabla ya kufika usoni.

Duka la dobi lilijaa wateja na mvuke. Kijana huyo alikuja kufunga programu ya kuchapa lebo za nguo.

"Unajipigia pasi nusu?" binti alimuuliza, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Nyuma sijioni, bibie."

"Sisi tunakuona."

Basi wakaanza kupigiana simu mchana na jioni, binti akiitwa Mvuke, kijana akiitwa Fundi. Mvuke alimwambia kila kitu isipokuwa kimoja: kwamba aliacha shule darasa la nne.

Siku moja, katikati ya lebo za mashati, mashine ikatoa hii:

Mvuke wangu,\nnikuoe?

Dada yake, mwenye duka, aliisoma mbele ya wateja. "Hiki kimstari na hii n ni nini? Mdogo wangu, huyu anakucheka. Ameshajua hukusoma, anakuandikia mafumbo."

Mvuke akaamini. Simu ya Fundi ikawa inaita mpaka inachoka.

Fundi akaja mwenyewe. Alipowekewa lebo mezani, alijishika kichwa. Akaeleza kwamba kimstari kile huiambia mashine: herufi inayofuata usiichape, itii. Ikiwa ni n, shuka mstari mpya. Yeye aliandika vimistari viwili, cha kwanza kikakigeuza cha pili kuwa alama ya kawaida, mashine ikakichapa hicho kimoja na n yake kama vilivyo. Swali lilitakiwa likae chini, peke yake.

"Nilibonyeza mara mbili, shemeji."

"Shemeji wa nani?" dada akauliza, akamkonyeza mdogo wake arudi kwenye pasi, mambo ya waliosoma hayamhusu.

Siku zote angerudi. Leo aliisimamisha pasi, akazunguka meza.

"Futa kimoja," alisema.

Fundi akafuta. Lebo mpya ikatoka, swali limeshuka mstari wake. Mvuke alilisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na kidole chenyewe hakukificha.

"Niliacha shule darasa la nne," alisema, sauti ikafika mlangoni. "Nasoma hivi hivi mnavyoniona. Na huyu nampenda. Asiyependa, mlango ule pale."