Uzi kwenye Gole la Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, Fundi alifungua banda na kumwaga pumba uani. Kuku walikuja mbio wakikanyagana. Wa kwanza siku zote alikuwa Shangazi, kuku mwekundu mwenye vifaranga tisa. Watu wa nyumbani walimwita hivyo kwa sababu haambiliki. Ukimtoa jikoni kwa mlango huu, anaingia kwa ule.

Asubuhi hiyo Shangazi hakuja. Alisimama karibu na ukuta, macho nusu yamefumba, manyoya yamemvimba. Alifungua mdomo akaufunga, akafungua tena, kama mtu aliyekwamwa na neno. Vifaranga walimzunguka wakilia.

Mama mkwe alitoka jikoni, akamtazama mara moja, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na kisu.

"Mdondo huo," alisema. "Tumchinje kabla hajaambukiza wengine. Angalau tupate mchuzi."

"Mama, hatujui anaumwa nini."

"Mimi najua. Mwaka jana tulimwonea huruma kuku mmoja. Tukafukia kumi na tisa."

Ilikuwa kweli. Fundi mwenyewe ndiye aliyechimba shimo lile, na hakutaka kuchimba jingine. Lakini alitazama wale vifaranga wa siku kumi. Bila mama yao wasingemaliza wiki, maana kunguru wa mtaa ule hawana adabu.

Jirani yao alikuwa ameshachungulia juu ya ukuta. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu habari ilitoka kwake kwanza, ukweli ukafuata kwa miguu.

"Kumbe mdondo umeingia kwenu," Redio alisema. "Mnywesheni maji ya pilipili. Au vile vidonge vya homa mlivyobakiza."

"Vidonge vya watu ni vya watu," Fundi alijibu. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Na wewe mama, unisamehe. Kuku huyu leo hachinjwi."

Neno lilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Tangu aolewe hakuwahi kumkatalia mama mkwe jambo lolote. Hata hivyo hakulirudisha.

Mama mkwe alikishusha kisu kidogo. "Haya, mwanangu. Mpaka kesho saa kumi jioni. Akianguka kuku mwingine, utajibu wewe."

Fundi alimweka Shangazi kwenye boksi, mbali na wenzake. Alinawa mikono kwa sabuni, akaenda ofisi ya mifugo kwa hatua za mtu anayedai haki yake.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Alipofika uani hakuanza na dawa. Alianza na maswali.

"Wamechanjwa mdondo lini?"

"Mwezi uliopita. Tone moja jichoni, kila kuku."

"Kuna mwingine anayeumwa?"

"Hakuna."

"Huyu anaharisha kijani? Anakohoa? Shingo imepinda?"

"Hapana."

Daktari alimgeukia mama mkwe. "Mama, hofu yako ina sababu. Lakini mdondo hauji kistaarabu hivi. Kwa kawaida ungeshaangusha kadhaa. Mmefanya vizuri kumtenga. Usipoujua ugonjwa, tenga kwanza, halafu uliza. Na kuku mgonjwa haliwi. Usile usichokijua."

Mama mkwe aliweka kisu chini, lakini karibu.

Daktari alimpapasa Shangazi chini ya shingo. "Hapa pana kifuko. Ndilo gole. Chakula hukaa hapa kabla ya kushuka tumboni. Asubuhi, kuku akiwa hajala, gole linatakiwa liwe tupu. Hebu mguse."

Fundi aligusa. Lilikuwa gumu kama donge la unga uliokandwa.

"Limeziba," daktari alisema. "Lingekuwa laini, limejaa maji, na mdomo unanuka uchachu, huo ungekuwa ugonjwa mwingine na tiba yake nyingine. Ndiyo maana tunapapasa kabla ya kutibu."

Alimwonyesha la kufanya. Matone machache ya mafuta ya kupikia, moja moja, pembeni mwa mdomo, ili yasiingie njia ya hewa. Kisha kulikanda gole taratibu kwa vidole. Maji apewe, chakula asipewe.

"Mkande mara nne leo. Kesho asubuhi mguse tena. Likiwa bado gumu, nipigie."

Siku hiyo Fundi alishona mkono wa gauni, akaenda kukanda gole. Alishona kola, akaenda kukanda gole. Mteja mmoja alinung'unika kwamba kuku anahudumiwa kabla yake. Fundi alimwambia apange foleni nyuma ya kuku.

Asubuhi ya pili gole lilikuwa gumu vilevile. Fundi alimfungua mdomo. Chini ya ulimi aliona uzi wa buluu ukishuka kooni.

Redio alikuwa palepale ukutani. "Sasa huo si uvute tu? Halafu mgeuze kichwa chini, vitoke vyote."

"Sivuti," Fundi alisema. "Uzi ukinasa kwenye cherehani hauvutwi. Ukiuvuta, nguo inachanika. Na hili ni koo."

Alimpigia daktari simu. "Umefanya vema," daktari alisema. "Usiuguse huo uzi. Wala usimgeuze kichwa chini, maji yatamwingia kwenye mapafu. Nakuja."

Daktari alikuja na mkoba wake. Alisema lazima gole lipasuliwe kidogo. Fundi alimshika Shangazi kwenye meza ya kukatia nguo. Mama mkwe alisema hawezi kutazama mambo hayo, kisha akasogeza kiti karibu.

Daktari alipiga sindano ya ganzi, akang'oa manyoya machache, akasafisha, akapasua mahali padogo. Alianza kutoa. Zikatoka nyuzi za buluu, nyekundu na nyeupe, zimejisokota na majani makavu. Mwisho kikatoka kipande chembamba cha kitambaa cha kijani chenye maua.

Mama mkwe aliinama. "Hicho si kitambaa cha gauni langu?"

Fundi aliona aibu mpaka masikioni. Kila jioni alikung'utia mabaki ya nyuzi na vitambaa uani, akisema kuku watachambua wenyewe. Na kweli walichambua.

"Mimi ndiye niliyemlisha," alisema. "Basi mimi ndiye nitakayeacha."

Daktari alishona gole kwanza, kisha ngozi juu yake. Fundi alizitazama safu zile mbili kwa jicho la kazi.

"Mshono huu hata mimi ningeuweza," alisema.

"Mkono unao," daktari alijibu. "Ganzi huna, na dawa ya kuzuia vidonda kuoza huna. Gauni ukiliharibu unakata jingine. Kuku hakatwi mwingine."

Aliacha dawa na maagizo. Mchana Shangazi akae peke yake, apewe pumba laini iliyolowekwa, kidogo kidogo. Vifaranga wafungiwe bandani mchana, na usiku walale naye wapate joto. Akitaga, mayai yasiliwe mpaka siku alizoandika kwenye karatasi ziishe.

Daktari alipoondoka, Fundi alichukua bakuli lenye lile donge la nyuzi, akaenda nalo moja kwa moja mlangoni kwa Redio.

"Jana ulitangaza mdondo," alisema. "Leo tangaza hili."

Redio alilitazama donge, akavaa kandambili. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulishajua kwamba uzi unaua kuku.

Fundi alining'iniza gunia kwenye mguu wa cherehani. Kila kipande kilichokatwa kiliingia humo. Jioni alifagia chumba, akapiga magoti kuokota nyuzi zilizobaki. Alimwaga mchanga wenye vijiwe uani, kwa sababu daktari alisema kuku huvihitaji kusagia chakula.

Siku ya kumi daktari alitoa nyuzi za mshono, akamruhusu Shangazi atoke. Alitoka kwa madaha, shingo ina kipara, na vifaranga wote tisa wakamkimbilia. Kunguru mmoja alitua karibu nao. Hakuwa na haraka. Alikuwa amezoea uwanja usio na mwenyewe.

Shangazi alimvamia kwa mabawa na kucha. Manyoya mawili meusi yalibaki mchangani, na kunguru akatokomea juu ya paa.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Mikono yake ilisimama.

"Na mimi nilitaka mchuzi," alisema.