Kitufe cha Gari la Wagonjwa

Binti alikuwa ameshatoka na begi lake mgongoni, anarudi chuoni kuendelea na masomo ya kutengeneza kurasa za intaneti. Baba yake, fundi wa mageti, alimsindikiza. Asubuhi ilikuwa tulivu, watu wanafagia nyua zao, na mzee akawa anasimama kila mlango kuonyesha simu.

"Tazameni kazi ya kitindamimba wangu! Ukibonyeza hapa, gari la wagonjwa linakuja."

Akabonyeza; kitufe kikageuka kijani, yakatokea maneno: Ombi limepokelewa. Majirani wakapiga makofi.

"Baba, jamani," binti akamvuta mkono, "hilo ni zoezi la darasani. Kinabadilika rangi tu. Hakijaunganishwa na simu ya dereva. Hiyo sehemu bado hatujafundishwa."

"Mnamsikia? Hajui kujisifu huyu!"

"Baba, hakifanyi kazi!"

"Nenda mwanangu, utachelewa."

Alipokata kona tu, mzee akautuma ukurasa kwenye kundi la simu la mtaa mzima. Ndugu zangu, mtu huyu hakuwahi kuonja pombe, lakini sifa za mtoto zilimlewesha chakari.

Haukupita muda, binti yake mkubwa akaja kujifungulia kwao. Mchana mmoja uchungu ukamshika, damu ikaanza kutoka.

"Baba, mpigie dereva."

"Ya nini kumpigia? Mdogo wako ameshatumalizia hayo."

Akabonyeza. Kijani. Wakangoja. Akabonyeza tena.

"Baba, linakuja kweli?"

"Linakuja, mama. Si limepokelewa?"

Mtaa wa pili, dereva alikuwa anaosha gari lake, simu mfukoni, kimya. Shuka lilikuwa limelowa lote jirani alipoingia kuazima ndoo, akapiga yowe, akampigia dereva. Dereva alifika mara moja, mikono bado ina povu.

"Mbona mmemchelewesha hivi?" nesi akauliza walipofika hospitalini.

Mzee akanyoosha simu. Nesi akaitazama, akamtazama yeye, akageuka akaenda zake.

Mtoto alizikwa bila jina. Mama yake alipona, ila hatazaa tena, na nyumbani kwa baba yake hakanyagi. Kitindamimba aliacha masomo, anauza viatu. Dereva bado anabeba wagonjwa. Mzee anachomelea mageti; wateja wakimsalimu, huitikia kwa kichwa tu.

FUNZO

Mzazi, mtoto akikwambia kazi yake haijakamilika, mwamini. Fahari yako isimzibe mdomo. Nawe unayejifunza, usiandike "limepokelewa" mahali ambapo hakuna anayepokea, hata kama ni zoezi, maana hujui litaangukia mikononi mwa nani. Na kwenye uhai wa mtu, mpigieni mtu, mkamsikie akijibu kwa sauti yake. Mzee huyu aliambiwa mapema, na mwanawe mwenyewe, mbele ya watu.