Mshono wa Walubengo

Mathenge, karani wa shamba moja la wazungu kule Endebess, alikuja Kitale kuchukua koti lake. Aliingiza mkono wa kushoto, ukatoka. Aliingiza wa kulia, ukakwama.

"Fundi, kwani ulisikia nimekatwa mkono?"

Watu waliokaa kwenye baraza ya duka la Kuldip Singh, ambako fundi alishonea, wakacheka. Fundi Walubengo hakucheka. Mkono wa koti ulikuwa umeshonwa ukafungwa mwishoni, kwa uzi wa kaki, na mafundo mawili. Mafundo mawili yalikuwa alama yake. Tangu arudi kutoka vita vya Burma, mwaka wa 1945, hakuna mshono wake uliowahi kufumuka. Lakini huu hakuushona yeye.

Alipoufumua kwa wembe, ute mweusi ulimwangukia pajani, ukinuka kama nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria.

"Hiyo ni nini, bana?" Mathenge aliruka nyuma.

"Panya. Amefia ndani."

Baadaye ikawa mifuko ya suruali, kisha kola za mashati ya shule. Kila alipofumua palikuwa na ute ule, na sasa nywele za mtu zimeshikamana ndani yake. Barazani wakaanza kunong'ona kwamba cherehani ya Walubengo imekaliwa na jini.

"Fundi, wewe naleta nini hapa?" Kuldip alisema, leso puani. "Duka yangu nanuka. Mama wote nakimbia."

Walubengo aliishi na mkewe Wilkista na binti yao mdogo, Peris, katika chumba nyuma ya duka. Kwa baridi ya Kitale, Peris alifunikwa blanketi la jeshi ambalo baba yake alirudi nalo. Asubuhi moja Wilkista aliita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha kitu.

"Baba Peris, njoo. Njoo uone mdomo wa mtoto."

Midomo ilikuwa imegandana kwa utando wa manjano, kama usaha uliokauka. Wilkista aliipangusa kwa maji ya moto, akaona ncha ya uzi, akaivuta, na uzi ukaendelea kuja, umelowa, unateleza, mrefu kuliko mdomo wa mtoto unavyoweza kuficha. Ulikuwa wa kaki.

Siku iliyofuata mdomoni ilibaki nafasi ya kupitisha mrija wa uji tu, na ute ulikuwa umeanza kuziba pua.

"Pakiziba hapa pia, ataisha," Wilkista alisema, akigusa pua ya mtoto.

Wakapanda basi kwenda kwao Walubengo, karibu na Malakisi. Huko aliitwa Jerono, mganga mzee kutoka Cheptais. Hakumgusa mtoto kwanza. Alinusa blanketi la jeshi alilofungwa mtoto, akatema mate.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Khaemba, mtoto wa Wakhungu, tulikuwa naye Burma. Aliharisha damu mpaka akaisha. Mimi ndiye nilikuwa fundi wa kikosi. Maiti nilizishona ndani ya blanketi. Alikuwa na mablanketi mawili. Nilimshona kwa moja, hii nikabaki nayo."

"Ulimshona amekufa?"

"Amekufa."

"Sema vizuri, mwanangu. Aliye ndani ya hii anasikia."

Walubengo alimtazama mkewe, kisha akatazama chini.

"Amekufa kabisa, nyanya."

Kondoo alichinjwa. Jerono alitia mavi ya tumbo la kondoo, yangali na joto, ndani ya blanketi, akamwamuru Walubengo alishone kama siku ile, kisha alifumue.

"Wembe hapana. Meno."

Walubengo alipiga magoti akauma mshono wa kwanza, na uchafu ule ukamwingia mdomoni, akatapika, akauma tena, na alipofika katikati harufu haikuwa tena ya kondoo bali ya wagonjwa waliolala katika kinyesi chao chini ya mvua, na alipofika mahali pa uso blanketi likavimba, likashuka, likavimba tena, na pumzi ya moto ikampiga kwenye vidole, palepale ilipompiga asubuhi ile Burma akimshona Khaemba, malori yakinguruma na sajini akipiga kelele kwamba wanachelewa.

Akauma mshono wa mwisho. Blanketi likalala. Uvundo ukaondoka kana kwamba mlango umefunguliwa.

Peris alipiga mwayo. Mdomo wake ulikuwa mzima, mwekundu, safi. Aliomba uji, na Wilkista akalia huku akimnywesha. Mtoto alipomaliza alimgeukia baba yake.

"Baba, yule mtu ameenda. Amesema nikuulize, pumzi yake uliisikia, mbona ukavuta uzi?"

Jerono aligeuka polepole. "Fundi?"

Walubengo alitaka kujibu. Wilkista aliona shingo ya mumewe ikijaa, mashavu yakitetemeka, lakini midomo haikuachana. Pembeni mwa mdomo ilitokeza ncha ya uzi wa kaki, imefungwa mafundo mawili.