Vifaranga wa Kilima Kile

Binti aliomba kitu mezani asubuhi ile, na baba yake hakuambulia hata neno moja. Akacheka. Mtoto wa miaka minne, atakuwa anacheza tu.

Baba huyo alikuwa mtafiti wa ndege, tena mwenye kiburi cha kuwatosha watu wawili. Ndege aliowachunguza ni wa aina moja, ila kila kilima wana namna yao ya kuimba, na vifaranga hujifunza kwa baba zao. Yeye akataka kuona kifaranga akifundishwa wimbo wa kilima kingine itakuwaje. Wenyeji walimwonya kuwa kilima kile kina mwenyewe, akawaona washamba. Akatoa vifaranga kiotani, akawalea ofisini kwa nyimbo za kwenye kinasa sauti, walipokomaa akawarudisha kwao. Wakaimba kigeni. Ndugu zao wakawadonoa mpaka wakafa, na mtafiti akapongezwa kwa kazi nzuri.

Sasa nyumba yake ilinuka manyoya mabichi. Kila alfajiri sauti ya kike ilitoka ukutani mwa chumba cha mtoto, ikitamka maneno polepole, ikingoja, na mtoto akiyarudia. Mkewe, fundi cherehani, aliapa hamwachi mwanawe peke yake na kile kitu. Akahamia humo na godoro lake na cherehani yake.

Mganga alipoletwa, alisikiliza mlangoni, akarudi nyuma.

"Hajapagawa," alinong'ona. "Anafundishwa."

"Mfukuze basi, mzee wangu, nakusihi!"

"Nimfukuzeje mwenye kilima? Anasema wale vifaranga walikuwa wanawe. Anasema wewe ndiye uliyeanza."

Mganga akaondoka bila hata kuaga. Mtafiti, roho mkononi, akasukuma mlango ili amnyakue binti yake wakimbie mchana huohuo, na akamkuta mkewe kainamia kitambaa, naye mkewe akainua macho, akamwambia mtoto jambo kwa maneno yaleyale ya ukutani, laini, kama mama yeyote anavyomtuliza mwanawe mtu baki anapoingia ndani, na mtoto akajificha nyuma ya gauni lake.

"Mama watoto, ni mimi! Mume wako!"

Wakamtazama kinywani. Hawakumwelewa. Alivyozidi kusema ndivyo nyuso zao zilivyozidi kukunjamana kwa chuki, na mkewe akauokota ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa.

Binti akazunguka nyuma ya baba yake, akafunga mlango.