Maji ya Kumaliza Edda

"Simamisha gari. Nataka maji ya kuoga."

Marhun alikanyaga breki hadi sufuria zote za nyuma zikaporomoka. Kando ya barabara kulikuwa na kisima na vichaka, basi. Lunga Lunga walikwisha kuiacha nyuma, na Tanga ilikuwa inakaribia.

"Kuoga gani?" aliuliza, ingawa alijua vizuri sana.

"Usijitie ujinga, Bwana Marhun. Hedhi ya tatu imekatika leo asubuhi. Nikishaoga, edda imekwisha na kunirejea huwezi tena. Kila mtu na njia yake."

Sauti ya Ghanima ilitoka nyuma ya pazia. Zamani alikuwa akimwita "mume wangu" hata akimkasirikia. Sasa ni Bwana Marhun, kama anayezungumza na karani wa posta.

"Basi nakurejea!" Marhun alifoka. "Umesikia? Nimekurejea, wewe ni mke wangu!"

"Mashahidi wako wapi?"

"Mungu ananisikia."

"Na mimi nakusikia. Lakini katika madhehebu yetu, mtu harejei mke bila mashahidi wawili, na wewe umefunzwa hivyo hivyo na baba yako. Hapa kuna nani? Ngedere?"

 Marhun aliingiza gia, akakipita kile kisima kwa mwendo wa kukimbia moto.

Niwaeleze kidogo, maana mtu akiwakuta hapo anaweza kudhani wote wawili wana wazimu. Gari lenyewe lilikuwa lori la Bedford ambalo Marhun alilijengea chumba cha mbao: kitanda, kabati, jiko la mafuta ya taa, madirisha yenye mapazia ya maua. Mwaka huo wa 1955 yeye na Ghanima walifunga nyumba yao ya Usagara, pale Tanga, wakaondoka kwenda Misri kwa barabara. Kenya, Uganda, Sudani, mpaka Kairo. Mji mzima ulimcheka. Marhun alikuwa mwema, mcheshi, na fundi wa kweli, lakini ukimcheka umemwasha.

Walipofika kaskazini ya Uganda, wasafiri waliotoka Juba wakawaonya kwamba Sudani kumechafuka, askari wameasi, warudi. Ghanima akaunga mkono. Mbele ya watu, pale dukani kwa mwuza petroli, Marhun akaapa:

"Gari hili likigeuka kabla sijaiona Misri, Ghanima ameachika!"

Kiapo cha kijinga kuliko vyote ambavyo mwanamume anaweza kuapa, na sisi watu wa pwani tunakipenda mno. Ng'ambo ya mpaka wakakuta magogo barabarani na askari kaelekeza bunduki. Marhun hakusimama. Gari lilikuwa linatambaa kuelekea kwenye magogo ndipo Ghanima alipouvamia usukani kwa mikono miwili akaupinda wote. Gari likageuka.

Marhun alimtazama, akasema neno moja tu: "Umepata ulichokitaka."

Tangu hapo hawakuzungumza ila la lazima. Mwanamke aliyeachwa hukaa edda yake, hedhi tatu, katika nyumba ya mumewe, na nyumba yao ilikuwa hilo gari. Ghanima akalala ndani, Marhun akalala chini ya gari juu ya turubai, hata mvua ya Uganda ilipomnyea kwa miezi miwili wakisubiri vipuri. Mombasa wakakuta telegramu, maana habari ilikuwa imekwisha kufika pwani:

"NITAKUWA NJIA PANDA YA MOA. SHUKA NA VITU VYAKO. MAMA ANAKUNGOJA. HIMYAR."

Himyar ni kaka yake Ghanima, mwenye shamba la minazi huko Moa. Hakuwa mtu wa mzaha.

"Punguza mwendo!" Ghanima alipiga kelele. "Utatuua!"

"Nikupunguzie upate kuoga?"

"Injini inachemka, huoni moshi?"

Aliuona. Alimwona na Himyar pia, amesimama njia panda kando ya gari lake, kanzu nyeupe, mikono nyuma. Ubavuni mwake alikuwa Mzee Zubeiri, msimamizi wa shamba. Bedford lilifika pale likikohoa, mvuke unatoka kila upande, likazimika lenyewe.

"Shikamoo, Mzee Zubeiri," Marhun alisema akishuka.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na safari."

Himyar hakuwa na salamu. Aligonga ubao wa gari.

"Ghanima! Kusanya vitu vyako, mdogo wangu. Umeshaoga?"

"Bado, kaka."

"Utaoga nyumbani. Twende."

"Shemeji, ngoja kwanza," Marhun alisema.

"Mimi si shemeji yako. Uliapa kwa dada yangu kama unayeapa kwa mbuzi. Usiniite shemeji."

Marhun aligeuka akafunua boneti. Alifanya lile ambalo fundi yeyote angelifanya, akaenda nyuma kutafuta maji ya rejeta. Ghanima alikuwa amejitanda buibui, amekaa juu ya sanduku, ameugeuzia uso upande wa dirisha. Kwenye kona, chini ya kitanda, kulikuwa na debe. Marhun alilivuta akitarajia wepesi, likamshinda. Akafunua kifuniko.

Lilikuwa limejaa pomoni. Juu yake pana kata, pembeni taulo iliyokunjwa na kipande cha sabuni, kikavu kabisa.

"Haya maji umeyateka wapi?"

Ghanima alirekebisha buibui lake.

"Ghanima. Haya maji ya wapi?"

"Likoni, tulikolala. Jana."

"Jana! Na hedhi imekatika asubuhi. Ulikuwa na maji humu ndani siku nzima, mlango unafungwa, pazia lipo. Mbona hukuoga?"

"Chukua maji uondoke."

"Ukanisimamisha kisimani kutaka maji unayo?"

"Nilitaka useme kitu, Marhun!" Ghanima alimgeukia. "Kitu chochote! Unioneshe bado unajua nimo humu!"

Alikuwa amemwita Marhun, bila bwana. Marhun akakaa pale pale sakafuni kando ya debe.

"Basi nikuulize nililoliogopa. Mbona ulishika usukani? Ulikuwa umenichoka?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

"Toka Nairobi ulikuwa unamlilia mama yako. Nilidhani umeona mlango umefunguka ukapita."

"Wewe ulikuwa unamtazama yule askari wa mbele. Upande wangu kulikuwa na mwingine, amelala kwenye majani. Bunduki imekulenga wewe, sikioni. Nilimwona akifumba jicho." Alijifuta machozi kwa ncha ya buibui. "Kiapo nilikikumbuka, Marhun. Kilinipita kichwani chote, neno kwa neno. Nikaona afadhali niachwe na mwanamume mzima kuliko niwe mjane wa Misri."

Nje Mzee Zubeiri alikohoa. Ubao wa gari haukuwa mnene, na kila neno walikuwa wamelisikia.

Marhun alitoka akakanyaga vumbi mguu mmoja peku, kiatu kimoja amekiacha ndani. Alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

"Himyar, nitukane ukitaka, nastahili. Ila kwanza nisikilize. Na wewe, Mzee Zubeiri. Dada yako hajaoga."

"Nimesikia," Himyar alisema taratibu.

"Basi shuhudieni nyote wawili. Nimemrejea mke wangu, Ghanima binti Nasoro. Na sitaapa tena kwa jina lake, hata gari likiteketea na mimi ndani."

 Himyar aligeukia mlango wa gari.

"Ghanima, nikishuhudia ndiyo basi tena, rudi zako Usagara. Nishuhudie?"

"Ningetaka kwenda kwa mama ningeoga Likoni, kaka."

"Nimeshuhudia."

"Na mimi nimeshuhudia," alisema Mzee Zubeiri. "Alhamdulillahi."

Marhun alikimbilia mlangoni, akakutana na kiganja cha Ghanima kifuani.

"Wapi?"

"Maji. Rejeta imekauka."

"Rejeta isubiri zamu yake. Nioge kwanza."

Mlango ukafungwa. Himyar alitoa tambuu mfukoni, akammegea shemeji yake. Wakasimama pamoja kando ya injini iliyokuwa ikitulia polepole, wakayasikiliza maji yakimwagika nyuma ya mbao, kata baada ya kata.